Kutuma mzigo nje ukiwa Lamu au Malindi: Posta, DHL na wenzake, wakala wa kago au basi?

"Kilo bei gani?" ndiyo swali la kwanza mtu anauliza akipata oda ya nje, na mimi naona ndilo swali linalotupoteza, maana kilo ya kofia na kilo ya vikapu hazilipiwi sawa hata kidogo, na kilo ya kwenda Milano na kilo ya kwenda Tanga ndio kabisa. Watu wanachukua bei ya Posta na bei ya DHL wanaziweka pamoja kama bei ya unga dukani, wanachagua iliyo chini, wiki mbili baadaye mteja anapata ujumbe wa forodha ya kwao kwamba alipe kitu kingine juu, anakasirika, anakataa mzigo, mzigo unarudi na pesa yote imeliwa na barabara. Kwa hivyo hapa nalinganisha njia zote tunazotumia huku pwani lakini nafuata unauza nini na unampelekea nani, na mahali nina upande wangu nitausema waziwazi.

Kwanza tumalize habari ya hewa

DHL, FedEx na UPS hawaangalii mzani peke yake. Wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, jibu linakuwa kilo, halafu wanalinganisha na kilo ya mzani na kukuchaji iliyo kubwa. Kago ya kawaida ya ndege inagawanya kwa 6000, kwa hivyo hapo kuna nafuu kidogo.

Sasa chukua kikapu cha ukili, mzani unasema gramu 800 hivi, umekitia kwenye boksi la 40 kwa 30 kwa 30. Piga hesabu: 36,000 ugawe kwa 5000 ni kilo 7.2, na kwa kawaida wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata kwa hivyo unalipia 7.5. Kikapu cha gramu 800! Kilichobaki chote ni hewa ya Lamu unayoipeleka Ulaya kwa gharama yako. Kikapu hicho hicho ukikilaza na mishikio ukaikunja ndani kikaingia boksi la 40 kwa 30 kwa 6, inakuwa 7,200 ugawe kwa 5000, kilo 1.44, unalipia 1.5. Hapo uzito unaolipia umeshuka mara tano na hujabembeleza punguzo kwa mtu yeyote.

Utasema vikapu vingine havilazwi, na ni kweli, vile vya kitako kigumu cha duara ukivikandamiza vinabaki na mkunjo mpaka mwisho wa dunia. Dawa iko kwa msukaji. Ongea na yule mama anayekusukia, mwambie, "Mama, hivi vya nje nisukie kitako laini," au akusukie saizi tatu zinazoingiana, kimoja ndani ya mwenzake, halafu uuze kama seti. Boksi ni lile lile la kilo 7.5 lakini sasa limebeba vikapu vitatu, kwa hivyo kila kimoja kimebebeshwa kilo 2.5 badala ya 7.5, na mteja wa seti huwa halalamiki sana bei ya usafiri kama mteja wa kikapu kimoja.

Kofia hazina taabu hii. Kofia ya vito, yaani ile ya kitambaa iliyodariziwa, ukiikunja inalala kabisa, kofia 10 zinaingia boksi la 28 kwa 20 kwa 6 na hesabu ya hewa inatoa 0.67, karibu na mzani wenyewe. Ndio maana muuza kofia na muuza vikapu wakipeana ushauri wa njia ya kutuma mara nyingi wanapotezana, kila mmoja anasema ukweli wake.

Fedha, yaani pete na bangili za masonara wa Lamu, ni kinyume kabisa: nyepesi, ndogo, ghali. Hapo hesabu ya hewa isikusumbue, kinachokusumbua ni kupotea, na nitarudi hapo.

Posta au DHL na wenzake

Posta ina njia mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna pakiti ndogo, ambayo unaweza kuirejista, na kuna EMS, yaani posta ya haraka. Pakiti ndogo inafuata masharti ya umoja wa posta duniani: mwisho kilo 2, urefu na upana na kimo ukivijumlisha visizidi sentimita 90, na hakuna upande unaozidi 60. Ndani ya mipaka hiyo unalipia gramu, hewa haihesabiwi. Sasa rudi kwa kile kikapu. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 jumla yake ni 100, limekataliwa. Punguza kimo liwe 20, jumla 90, limepita, na unalipia gramu zako 800 pamoja na uzito wa boksi. Sentimita kumi tu. Ukienda kaunta ya Posta na futi ya fundi cherehani mfukoni hutakuwa mwendawazimu, utakuwa umeokoa pesa.

Ubaya wa pakiti ndogo unajulikana: ni polepole, na ufuatiliaji wake una mapengo. Ukirejista unapata namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na KE mwisho, inayoanza na R, mteja anaweza kuifuata kwenye websaiti ya posta ya kwao ikishaingia huko, lakini katikati kuna siku ambazo haisemi kitu, na mteja ambaye hukumwambia mapema atakuandikia kila asubuhi. Mwambie mapema. EMS inayoanza na E ni haraka zaidi na inabeba mzigo mkubwa zaidi ya kilo 2, bei yake iko katikati, na kwangu mimi EMS ni ya kitu ambacho kimezidi kilo 2 au sentimita 90 lakini hakijafika thamani ya kumpa DHL.

DHL na wenzake unawalipa kwa mambo matatu: siku chache, ufuatiliaji wa hatua kwa hatua, na wao wenyewe kushughulika na forodha upande wa pili. Hilo la tatu ndilo wauzaji hawalithamini na ndilo la maana kuliko yote. Ila kuna ada za kando ambazo hazimo kwenye bei ya kwanza unayotajiwa: ada ya mafuta ambayo hubadilika, ada ya eneo la mbali, na ada ya kumlipia mteja kodi. Ukiwa Lamu uliza hiyo ya eneo la mbali kabla ya kitu kingine chochote, na uliza pande zote mbili, kwako na kwa mteja, maana mteja naye anaweza kuwa anakaa kijijini huko juu milimani na wewe umemwona kwenye Insta ukadhani anakaa mjini Roma.

Halafu kupotea. Watu wanasema "DHL wanalipa mzigo ukipotea". Wanalipa, lakini si bei uliyoandika kwenye invoisi kama hukukata bima. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa Mkataba wa Montreal unaweka ukomo kwa kilo, tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha pesa cha IMF), yaani kama dola 35 hivi. Kwa vikapu hiyo si mbaya sana. Kwa bangili ya fedha ya gramu 60 ni kichekesho. Kwa hivyo wa fedha, kata bima, na kabla hujakata uliza kama kampuni hiyo inabeba vito kabisa kwa sababu zingine zina masharti makali ya madini ya thamani, na ukiandika "urembo" ili ipite halafu ikapotea, hutalipwa na hutakuwa na pa kusema.

Upande wangu: kofia moja mbili, Posta rejista bila kufikiria mara mbili. Fedha, DHL au mwenzake na bima. Vikapu, inategemea umevipakiaje.

Kodi: alipe nani

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea na hapa ndipo Posta na DHL zinatofautiana hasa.

Tuchukue mteja wa Italia, maana Malindi wateja wengi ni hao. Zamani kifurushi cha chini ya euro 22 kilikuwa hakina VAT. Hiyo iliondoka tarehe 1 Julai 2021 kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya. Sasa hata kofia ya euro 15 ina VAT. Italia ni asilimia 22, Ufaransa 20, Ujerumani 19. Na inapigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri. Kikapu cha euro 60 na usafiri euro 25 ni 85, asilimia 22 ya hiyo ni euro 18.70, mteja anafika 103.70, na bado yule aliyemlipia forodhani, awe posta ya kwao au kampuni ya vifurushi, anatoza ada yake ya shughuli. Ushuru wa forodha wenyewe ni kitu kingine: chini ya euro 150 ulikuwa umesamehewa, lakini nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana Desemba 2025 kwamba kuanzia 1 Julai 2026 vifurushi vidogo vitozwe euro 3 kwa kila aina ya bidhaa. Kwa hivyo kuchanganya kofia na kikapu na ndala kwenye boksi moja la mteja mmoja nako kuna hesabu yake.

Njia ni mbili. Ya kwanza mteja anajilipia akipokea. Ni rahisi kwako na ndiyo hali ya kawaida ukitumia Posta. Ya pili unamlipia wewe kabla, DHL na wenzake wana huduma hiyo kwa ada. Kuna ya tatu ya kujisajili mfumo wa Ulaya unaoitwa IOSS, unakusanya VAT wakati wa kuuza na mzigo unapita moja kwa moja, lakini muuzaji wa nje ya Ulaya anahitaji wakala aliye kule ndani na wakala analipwa, kwa mtu wa oda chache haina maana. Ukiuza kupitia soko kubwa la onlaini kama Etsy, lenyewe ndilo linalokusanya VAT ya vifurushi vya chini ya euro 150, kazi yako ni kuhakikisha namba yao ya IOSS inaingia kwenye data ya mzigo, la sivyo mteja anatozwa mara mbili na anakuja kwako na maneno.

Uingereza ni karibu hivyo hivyo: tangu 1 Januari 2021 mzigo usiozidi pauni 135 VAT yake ya asilimia 20 inatakiwa ikusanywe wakati wa kuuza.

Marekani ndiyo iliyogeuka kabisa. Watu wengi bado wanafuata ushauri wa zamani kwamba chini ya dola 800 hakuna ushuru. Msamaha ule uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na wakati ule mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha vifurushi vya bidhaa kwenda huko kwa sababu mfumo wa kukusanya ushuru mapema haukuwa tayari. Kwa hivyo mteja wa Marekani usimpe bei mpaka umeuliza kaunta wiki hiyo hiyo, na kama unaenda na DHL, uliza bei ikiwa na ushuru ndani. Mimi kwa Marekani naona njia ya kulipiwa kabla ndiyo pekee yenye akili, maana mteja wa huko alizoea miaka kuletewa bila kuulizwa kitu.

Kwa ujumla mlinganisho hapa usiwe Posta shilingi ngapi na DHL shilingi ngapi. Iwe mteja kitu kikiwa mkononi ametoa jumla ngapi na amesumbuliwa mara ngapi. Ukiweka hivyo, mara nyingine DHL inakaribia Posta kuliko ulivyodhani, hasa kwa kitu cha euro 80 kwenda juu, na kwa kitu cha euro 20 Posta inabaki peke yake uwanjani.

Na tafadhali, lile jambo la kuandika "zawadi" kwenye fomu. Kila mtu ana binamu aliyemwambia afanye hivyo. Zawadi Ulaya ni ya mtu kwa mtu, isiyolipiwa, mpaka euro 45, Uingereza pauni 39, na mzigo uliolipiwa Insta si zawadi. Zaidi ya hapo, siku hizi data inatangulia kabla mzigo haujapanda ndege, na mfumo wa Ulaya una orodha ya maneno yasiyokubalika kwa sababu hayaelezi kitu, na neno la zawadi limo. Andika kitu chenyewe na namba yake ya forodha: kofia ya kitambaa 6505, kikapu cha kusuka 4602, sanamu na mapambo ya mbao 4420, mkoba wa ngozi au wa turubai 4202, viatu vya ngozi kama vile vya Siyu 6403, vito vya fedha 7113. Kwenye Posta hiyo inaingia kwenye kakaratasi ka CN22, thamani ikizidi SDR 300 unajaza CN23.

Peke yako au mzigo wa pamoja

Bei ya DHL ya mtu anayeingia mlangoni na boksi moja na bei ya mwenye akaunti anayetuma kila siku ni mbingu na ardhi. Mawakala wa Mombasa na Nairobi wanaishi kwenye tofauti hiyo: wewe unampelekea mizigo yako, yeye anaituma kwa akaunti yake, mnagawana nafuu.

Ila kabla mzigo haujamfikia wakala kuna safari ya kwanza, na hapa Lamu na Malindi hatufanani. Mtu wa Malindi anapeleka boksi stendi, basi au matatu, Mombasa ni kama kilomita 120 tu, leo hii limefika. Kwa hivyo Malindi unaweza kumtumia wakala hata mzigo mmoja mmoja na bado ikalipa. Mtu wa Lamu kisiwani boksi lake linaanza kwa punda au mkokoteni wa hamali mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, linapandishwa basi, Malindi linapita dirishani, Mombasa linashushwa, na kila anayelishika anataka chake na analitupa kwa staili yake. Mkoba utavumilia, nakshi ya mbao yenye mapengo mapengo haitavumilia. Ndege ya Manda ipo lakini bei yake kwa vitu vyepesi vinavyojaza nafasi, umeshajua hesabu ya hewa.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa Lamu: oda moja ya kofia peleka Posta ya hapa hapa, usimzungushe wakala. Vikapu na mikoba, subiri zijae, mwambie mteja kwamba unatuma siku fulani ya wiki, na mkiwa wauzaji watatu wanne mnaoaminiana mchange safari ya kwanza iwe moja. Kila boksi dogo liwe limefungwa na jina la mteja tayari, halafu yote yaingie kwenye gunia kubwa mpaka kwa wakala. Msichanganye bidhaa za watu tofauti kwenye invoisi moja. Nimeshuhudia wanavyogombana wakati boksi moja limezuiwa na la mwenzake ambaye karatasi zake ni safi limezuiwa nalo.

Kwa wakala usiulize bei peke yake. Uliza jina la nani linaandikwa kama mtumaji, mzigo ukirudi unarudi kwa nani na nani analipa, na anakupa risiti ya kampuni iliyobeba au anakupa neno lake tu. Anayekwepa swali la pili, ondoka.

Kutuma rejareja au kumuuzia mtu wa kule jumla

Hii watu wa Malindi wana bahati nayo na hawaitumii vya kutosha. Badala ya kutuma vikapu 40 kwa wateja 40 wa Italia, unampata mwenye duka mmoja kule anavichukua vyote, yeye ndiye mwagizaji, yeye analipa VAT yake na anaidai kwenye hesabu zake. Bei yako kwa kikapu inashuka, lakini usafiri kwa kikapu unashuka zaidi.

Na hapa ushuru unakuwa upande wetu. Mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi 1 Julai 2024 na bidhaa zenye asili ya Kenya zinaingia bila ushuru wa forodha. VAT inabaki, hiyo haina msamaha. Bila mkataba, viatu vya ngozi ushuru wake hufika asilimia 8, kwa hivyo mtu wa viatu ana sababu zaidi ya kutafuta karatasi ya asili, ile ya kuthibitisha bidhaa imetengenezwa Kenya, kuliko mtu wa vikapu.

Meli je? Mzigo wa kuchangia kontena unahesabiwa kwa mita moja ya ujazo au tani moja, iliyo kubwa, na vikapu vinavyoingiana vimeumbiwa meli. Lakini unaondokea Mombasa. Najua mtu wa Lamu anaiona bandari mpya kule Kililana, gati la kwanza limefunguliwa Mei 2021, anajiuliza kwa nini mzigo wake upite mbele ya bandari uende kutafuta bandari nyingine. Kontena la futi 20 ni kama mita 33 za ujazo, na mpaka atokee mtu wa kukusanya mizigo midogo midogo pale, gati halikusaidii. Na muda pia: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za Ulaya zimekuwa zikikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu. Meli ni ya bidhaa ya msimu unaoujua mapema, si ya oda ya jana.

Msafiri

Bei yake ni sifuri au soda, na kwa ndugu zetu wa Oman na Dubai kofia nyingi zinasafiri hivi hivi mfukoni mwa mjomba. Sina neno kwa kofia mbili za familia. Kwa biashara, msamaha wa msafiri anayeingia Ulaya kwa ndege ni euro 430 na ni kwa vitu vyake, bidhaa za kuuza anatakiwa azitangaze. Na mtalii uliyemjua juzi Shela usimwombe abebe boksi lililofungwa, ni kumtia mtu mashakani uwanja wa ndege. Muuzie, abebe chake.

Basi, kwa wateja wa Tanzania na Uganda

Mteja wa Tanga, Dar au Kampala, sahau yote ya juu. Basi la Tanga na Dar kutoka Mombasa linapita Lunga Lunga na Horohoro, la Kampala linapita Busia au Malaba, parseli yako inafika na mteja anaifuata kwenye ofisi ya basi, na hakuna DHL atakayekaribia bei hiyo.

Tofauti iko kwenye karatasi. Kondakta atakwambia "usijali dada, sisi tunajuana pale". Usipeleke biashara yako kwa kujuana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa na imetengenezwa ndani ya Jumuiya, unapata cheti rahisi cha asili mpakani na ushuru wa forodha ni sifuri. Ila sifuri ni ya ushuru. VAT ya Tanzania bara ni asilimia 18 na ya Uganda vile vile, na ikidaiwa mteja asikuone mwongo. Ubaya wa basi ni mmoja mkubwa, parseli haiwezi kwenda mpakani kujisemea, kwa hivyo ama wewe au mteja au wakala awepo, na kwa kofia mbili gharama ya mtu huyo inakula nafuu yote. Kusanya ziwe thelathini.

Nakshi na vitu vya baharini

Nimeacha mbao mwisho kwa sababu hapa swali la kwanza ni kama inatoka kabisa. Ng'amba na kasa wengine, ganda lao ni marufuku, hakuna njia ya bei nafuu wala ya bei ghali. Matumbawe yanataka kibali. Mpingo upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017 pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, ingawa 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Sanamu moja mbili kwa hivyo zinapita, boksi kubwa la mwenye duka linahitaji vibali na hapo unaanzia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Mchongaji wa Malindi anayetaka kuuza jumla nje atapata usingizi zaidi akichonga mwarobaini au mwembe. Pakia kwenye boksi la karatasi ngumu, maana kasha la mbao mbichi nalo linatakiwa liwe limetibiwa kwa joto au dawa na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, gharama nyingine hiyo. Kwa uzito, mbao ni bidhaa ambayo mara nyingi mzani unaishinda hewa, kwa hivyo kile kigawanyo cha 5000 hakikutishi, linganisha EMS na akaunti ya wakala kwa kilo kama watu wanavyopenda. Na kwenye invoisi usiandike "mbao" peke yake, andika jina la mti, la Kiswahili na lile la kisayansi, kwa sababu ofisa wa forodha wa Hamburg akiona sanamu nyeusi bila jina atadhani ni mpingo hata kama ni mwarobaini uliopakwa rangi ya viatu.